Mchanga Utangulie: Maandalizi kwa Mwenye Kinyonga Jike

Kinyonga anayefugwa sana majumbani ni yule wa Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, mwenye kishungi kilichosimama kichwani. Jike wake huchimba na kutaga mchangani hata kama hajawahi kuonana na dume, kama kuku wa mayai. Mimi sikulijua hilo. Aliyeniuzia wa kwanza aliniambia bila dume hakuna mayai, nami nikaridhika. Siku alipoanza kuparura sakafu ya tundu, sikuwa na hata kopo moja la mchanga ndani ya nyumba. Alihangaika siku kadhaa, akafa na mayai tumboni. Kila ninachokiandika hapa kinatokana na siku zile.

Kwanza hakikisha ni jike. Tazama visigino vya miguu ya nyuma: dume huanguliwa akiwa na kijipembe kidogo kimechomoza hapo, jike hana. Ukishajua ni jike, hesabu umri. Kuanzia miezi 4 hadi 6 mwili wake unaweza kuanza kutengeneza mayai, kwa hiyo mimi huingiza chombo cha mchanga tunduni akitimiza miezi 4, na hakitoki tena. Anayengoja kuona tumbo limevimba ndipo aende kutafuta mchanga anacheza na maisha ya mnyama.

Chombo kiwe na upana wa sentimita 30 hivi kila upande, na mchanga wenyewe uwe na kina cha sentimita 30 au karibu yake, kwa sababu wengi huchimba mpaka wagote chini. Ndoo pana inafaa, pipa dogo la plastiki pia. Tumia mchanga laini uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, uache. Unyevu ndio wenye kazi. Fumbata mchanga mkononi: ukishikamana bila kuchuruzika maji, uko sawa. Kisha toboa shimo kwa kidole hadi ndani. Likisimama bila kubomoka, handaki lake nalo litasimama. Mchanga mkavu humporomokea, naye huacha, huanza upya, huacha tena, nguvu zikiisha bure. Weka pia tawi la kumshusha na kumpandisha chomboni.

Sasa dalili. Watu huulizia rangi kabla ya yote, na ni kweli jike aliyepandwa hugeuka kijani kilichokoza karibu na weusi, chenye madoa ya buluu na manjano. Lakini asiyepandwa mara nyingine habadiliki sana, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Tumbo hujaa na kushuka pande zote mbili, hata mayai yakaonekana kama vinundu chini ya ngozi, usiyabonyeze kuyahesabu. Mimi huamini zaidi tabia. Jike aliyekuwa akila kwa pupa hupunguza, kisha hukataa kabisa, ila maji anaendelea kunywa. Halafu hatulii: huzunguka tundu, hukwea wavu, hushuka chini. Kinyonga ni mnyama wa matawini, na jike mzima anayerandaranda sakafuni anatafuta udongo. Aliyepandwa hufikia hatua hiyo takriban siku 20 hadi 30 baada ya dume.

Akianza kuchimba, mwache. Funika tundu kwa kitambaa upande unaopita watu, zuia watoto, usimmulike kwa simu. Akijua anatazamwa anaweza kulitelekeza shimo na kuyazuia mayai. Kuchimba kunaweza kuchukua siku nzima au mbili, na wengine hulala humo humo handakini. Akimaliza hufukia na kushindilia kwa miguu, kisha hupanda juu akiwa amekonda na kiu kali.

Daktari umtafute mapema pia, kwa sababu daktari mzuri wa ng'ombe au mbwa huenda hajawahi kumshika kinyonga. Uliza kama anatibu mijusi na kama ana mashine ya eksirei. Macho yaliyodidimia au kufumbwa mchana, kulala sakafuni, miguu isiyoshika tawi, mashimo mengi yaliyoachwa bila yai hata moja: hayo ni ya kumpeleka siku hiyo hiyo.

Mayai huchota kalisi mwilini mwake. Nyunyizia wadudu unga wa kalisi, na badilisha taa ya UVB, ile ya mionzi kama ya jua, kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, maana huendelea kuwaka huku mionzi yake imekwisha. Wafugaji wazoefu pia hawamshibishi jike mzima kila siku, na huweka joto la pale anapoota karibu nyuzi 27. Aliyelishwa sana hubeba mayai mengi mno, wengine zaidi ya 60 kwa mkupuo mmoja, na mzigo huo humdhoofisha.

Kama wako ni kinyonga wa Jackson wa nyanda za juu za Kenya, ndoo haimhusu: huyo huzaa watoto walio hai. Na ukimkuta kinyonga wa bustanini anachimba uani, usimbebe. Mpishe amalize.

Baada ya kutaga, mnyunyizie maji kwa muda mrefu zaidi ya kawaida na umpe wadudu wenye kalisi. Fukua mayai yote. Kama hajapandwa, hayataanguliwa, yatupe. Kama aliwahi kupandwa, kumbuka huhifadhi mbegu za dume, na mkupuo unaofuata unaweza kuwa na uhai bila dume kurudi. Kisha rudisha mchanga chomboni, ulowanishe, utoboe tena kwa kidole. Miezi mitatu au minne ijayo anaweza kuuhitaji.