Unapenda kupika jamu ya zabibu? Anza na daftari
Wewe unayepika jamu ya zabibu hapa Dodoma, majirani wakaisifu kila ukiwagawia: kabla hujaiita biashara, pika sufuria moja ukiandika kila shilingi. Zabibu, sukari, chupa, mkaa, bodaboda kutoka soko la Majengo, na saa zako jikoni. Hizo saa ndizo wengi huziacha, na ujira wako umo humo! Gawa jumla kwa idadi ya chupa, weka faida, kisha wauzie watu wasiokujua. Sifa za ndugu hazitoshi. Angalia nani anarudi kununua. Wakirudi, nenda SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ukaulizie mafunzo ya usindikaji na utaratibu wa alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nunua msimu ukikolea, bei ikishuka.