Bi harusi, usibadili jina la pasipoti kabla ya safari ndefu

Maharusi mnaotaka kuzunguka nchi kadhaa na mabegi ya mgongoni: kateni tiketi, ombeni viza na jazeni kadi ya homa ya manjano kwa jina lililo kwenye pasipoti ya bi harusi sasa hivi, hata kama tayari anatumia jina la mume. Nakilini kutoka mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za <<<, kwa sababu ndiyo mashine ya uhamiaji inayoisoma. Hapo hata alama ya ritifaa (') huondolewa: Ng'ong'o huwa NGONGO. Majina yakipishana, mnaweza kuzuiwa kupanda ndege, na marekebisho mara nyingi hulipiwa. Bebeni pia nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa na wakili, lakini cheti hakifuti tofauti ya majina. Mbinu hii haifai kama pasipoti itakuwa imebakiza chini ya miezi 6 siku ya kuingia nchi ya mwisho (wengi huhesabu ya kwanza, wakakwama katikati), au kurasa tupu ni chache. Basi chukueni pasipoti mpya yenye jina jipya kwanza, tiketi baadaye.