Kabla ya Kuweka Paipulaini ya Salesforce

Wengi wakiamua kuweka paipulaini, yaani mfumo wa kujaribu na kupeleka mabadiliko ya Salesforce (programu ya kusimamia wateja na mauzo) bila kuyapeleka kwa mkono, huanza na faili ya YAML yenye maelekezo yake. Wananakili mfano wa mtandaoni, wanabadilisha majina mawili matatu, na jioni alama ya kijani ya kufaulu inatokea. Kazi yenyewe ilikuwa kabla ya hapo.

Kwanza mkubaliane nakala ya kweli inakaa wapi: kwenye Git (hifadhi inayotunza kila toleo la faili) au ndani ya Salesforce. Admini, yaani msimamizi wa mfumo, anaweza kuongeza fildi kwa kubofya tu, na Git isijue lolote. Mahali nilipowahi kufanya kazi, admini alilegeza sharti moja kwenye fomu ya oda Ijumaa jioni, moja kwa moja kwenye mfumo unaotumika. Jumatatu saa nne asubuhi paipulaini ikapeleka toleo la Git, sharti la zamani likarudi, na watu wa mauzo wakawa hawawezi kuhifadhi oda. Paipulaini haikukosea, ilifanya ilichoagizwa. Kwa hiyo vuta metadata (maelezo ya fildi, fomu na masharti) ya mfumo halisi, ilinganishe na repo ya Git, malizeni tofauti zote. Kisha mpe admini njia rahisi ya kuingiza mabadiliko yake kwenye Git, maana ukimbana bila njia atarudi kubofya.

Halafu testi. Salesforce haipokei msimbo wa Apex (lugha ya programu ya Salesforce) kwenye mfumo halisi mpaka testi ziguse angalau asilimia 75 ya mistari. Pima leo mko wapi. Mkiwa asilimia 60, paipulaini itawakatalia kila siku na mtaanza kuichukia. Tafuta pia testi zenye SeeAllData=true: hizo zinaegemea data iliyopo tayari, na kwenye mazingira matupu huanguka. Na mazingira ya scratch org, yale ya muda ya majaribio, ni matupu kweli, tena huisha baada ya siku 7 usipotaja muda, na hayavuki 30. Andaa skripti ya kujaza data ya majaribio. Msitegemee sandbox kamili (nakala ya majaribio ya mfumo halisi pamoja na data yake), kwani ile husasishwa mara moja tu kila siku 29.

Paipulaini iwe na akaunti yake. Ikitumia ya mfanyakazi, siku akiondoka na akaunti kufungwa, kila kitu kinasimama. Ikiingia kwa JWT (tokeni inayosainiwa kwa ufunguo badala ya nenosiri), ufunguo wa siri ukae kwenye hifadhi ya siri, na tarehe ya cheti kuisha iandikwe kwenye kalenda ya timu. Ufunguo ukishaingia kwenye Git kwa bahati mbaya, kufuta faili hakusaidii, historia bado inao. Tengeneza mwingine.

Mwisho, jueni mtarudi vipi nyuma. Hakuna kitufe cha kutengua. Fildi iliyopelekwa kimakosa huondolewa kwa faili ya destructiveChanges.xml inayoorodhesha vya kufutwa, na ni vizuri mtu awe ameijaribu kwenye sandbox mapema. Mimi hupenda kuhakiki toleo (kulijaribu kwenye mfumo halisi bila kulipeleka) mchana, timu nzima ikiwa macho. Uhakiki uliopita pamoja na testi zake hudumu siku 10, hivyo usiku mnapeleka bila kurudia testi.