Kuchora muundo wa Lewis na kupata chaji rasmi: mfano wa ioni ya sianati

Muundo wa Lewis ni mchoro unaoonyesha bondi kati ya atomu na elektroni zao za nje. Wa maji au amonia hauna ugumu, kwa sababu mchoro sahihi ni mmoja. Kazi huanza pale ioni moja inapokubali michoro mitatu, yote ikiwa imetimiza elektroni nane kwa kila atomu. Hapo ndipo inapohitajika chaji rasmi, yaani chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni za kila bondi zingegawanywa sawa. Tutumie sianati, OCN⁻: ina atomu tatu tu, lakini karibu kila kosa la kawaida linajitokeza ndani yake.

Hatua ya 1: Hesabu elektroni za valensi, yaani za tabaka la nje. Oksijeni ina 6, kaboni 4, nitrojeni 5, jumla 15. Chaji hasi maana yake ioni imepokea elektroni, kwa hiyo ongeza 1 upate 16, yaani jozi 8. Wengi hupunguza 1 kwa kuiona ile alama kama ya kutoa. Ukikosea hapa, kila kinachofuata kimeharibika, basi andika 16 pembeni uizungushie duara.

Hatua ya 2: Chagua atomu ya kati. Kwa kawaida ni ile inayovuta elektroni kwa nguvu ndogo zaidi. Haidrojeni haikai katikati, kwa kuwa hufunga bondi moja tu. Mvuto huongezeka kutoka kaboni, nitrojeni hadi oksijeni, hivyo katikati tunaweka kaboni.

Hatua ya 3: Chora bondi moja moja, kisha jaza pembeni. O–C–N imetumia jozi 2. Zilizobaki 6 zigawe: 3 kwa oksijeni, 3 kwa nitrojeni. Jozi zimekwisha, na kaboni ina elektroni 4 tu.

Hatua ya 4: Geuza jozi pweke (zisizo kwenye bondi) ziwe bondi. Usiongeze elektroni mpya hata moja. Kaboni inadai jozi 2, na lazima zitoke kwa majirani: zote kwa nitrojeni, moja kwa kila upande, au zote kwa oksijeni. Ndiyo michoro yetu mitatu.

Hatua ya 5: Kokotoa chaji rasmi ya kila atomu.

Chaji rasmi = elektroni za valensi − elektroni pweke − idadi ya bondi

Bondi mbili huhesabiwa 2, bondi tatu 3. Angalia pia kwamba tunahesabu *elektroni* pweke, si jozi: jozi 3 ni 6. Kwa mchoro wa kwanza, oksijeni ni 6 − 6 − 1 = −1; kaboni 4 − 0 − 4 = 0; nitrojeni 5 − 2 − 3 = 0.

- [O–C≡N]⁻: −1, 0, 0
- [O=C=N]⁻: 0, 0, −1
- [O≡C–N]⁻: +1, 0, −2

Jumla ya kila mstari ni −1, sawa na chaji ya ioni. Isipolingana, umekosea hesabu. Lakini kulingana peke yake hakuthibitishi kwamba mchoro ni mzuri. Yote mitatu imelingana.

Hatua ya 6: Chagua. Kwanza tafuta chaji ndogo: mchoro wa tatu unaanguka. Kisha chaji hasi ikae kwenye atomu inayovuta elektroni zaidi, yaani oksijeni, kwa hiyo wa kwanza unashinda. Wa pili hautupwi. Ioni halisi ni mchanganyiko wa michoro hiyo, wa kwanza ukichangia zaidi. Unganisha michoro kwa mshale wa vichwa viwili (↔), si mishale miwili ya msawazo (⇌), kwani ioni hairukiruki kati ya maumbo.

Sasa weka nitrojeni katikati, elektroni zikiwa zilezile 16. Mchoro bora ni [C≡N–O]⁻, wenye chaji −1, +1, −1: kila atomu imebeba chaji, na kaboni imebeba hasi. Hiyo ni fulminati. Katika miaka ya 1820 mkemia Wöhler alichunguza sianati ya fedha na mkemia Liebig fulminati ya fedha. Viambato vilikuwa sawa kabisa, ila fulminati hulipuka kwa urahisi mno. Ndiyo maana hatua ya 2 haifanywi kwa kubahatisha.

Kanuni ya nane, yaani kila atomu kutimiza elektroni nane, ina mipaka. Boroni katika BF₃ huachwa na elektroni 6, kwa sababu bondi mbili ingeipa florini chaji +1. NO ina elektroni 11, hivyo moja hubaki bila mwenza. Salfa katika SF₆ huchorwa na bondi 6. Atomu za kipindi cha pili, kama kaboni na nitrojeni, usizichoree kamwe zaidi ya elektroni nane.