Insha ya chuo kwa Kiingereza: kila dai na ushahidi wake

Mwanafunzi anaweza kufika chuo cha ughaibuni na sarufi nzuri tu ya Kiingereza, na bado insha yake ya kwanza ikarudi na alama za chini na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni: "so what?" Mara nyingi shida si lugha, ni mpangilio. Insha ya shuleni iliruhusu kuanza na methali, kuzunguka mbuyu kidogo, kisha kutua kwenye jambo lenyewe mwishoni. Insha ya chuo kwa Kiingereza hutaka jambo lenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Kurasa zinazobaki zote ni za kulithibitisha.

Swali linataka nini?

Kabla ya kufungua kitabu chochote, pigia mstari kitenzi cha swali. "Describe" inataka ueleze jambo lilivyo. "Analyze" inataka uligawe jambo katika sehemu zake na uonyeshe zinavyoathiriana. "Evaluate" na "assess" zinataka hukumu, pamoja na vigezo ulivyotumia kuhukumu. "Compare" inataka ulinganishe kipengele kwa kipengele. Ukieleza jambo la kwanza nusu nzima ya insha na la pili nusu nyingine, umeandika insha mbili fupi zilizobanwa pamoja. Kinachoponza wengi ni "discuss". Hakimaanishi umwage yote unayoyajua. Kinataka uweke pande zaidi ya moja mezani, kisha useme wewe unasimama wapi na kwa nini.

Sasa liandike swali upya kwa Kiswahili, kwa maneno yako, na chini yake weka sentensi moja ya jibu la muda. Usipoweza, hujalielewa swali, na hata usome makala ishirini hazitakusaidia.

Angalia pia idadi ya maneno. Ukurasa mmoja wenye nafasi mbili kati ya mistari na herufi za ukubwa wa 12 hubeba maneno kama 250 hadi 300, kwa hiyo insha ya maneno 1500 ni kurasa tano au sita. Gawa hivi: utangulizi maneno 150, aya tano za maneno 200 hadi 250, hitimisho maneno 120 hivi. Hesabu hii hukuonyesha mapema jambo muhimu, kwamba una nafasi ya hoja tatu au nne tu. Nane hazitaenea, zitabaki nusunusu zote.

Hoja kuu

Hoja kuu ni sentensi moja, au mbili, inayojibu swali na ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuibishia. Tuchukue mada ya saa za kuanza masomo katika shule za sekondari. Mwanafunzi akiandika "This essay will discuss school start times", ametangaza mada bila kudai lolote. Akiandika "Sleep is very important for students", amedai kitu ambacho hakuna atakayekipinga, na kisichopingika hakina cha kuthibitishwa. Linganisha na hii:

"High schools should not start before 8:30 a.m., because earlier starts cut short the sleep that teenagers' bodies take in the morning, and this gain is worth the trouble of rearranging buses and sports."

Hapa kuna msimamo, kuna sababu, na kuna kukiri kwamba mabadiliko yana gharama. Kila kipande cha sentensi hiyo kinadai aya yake, kwa hiyo mpango wa insha umeshajichora wenyewe. Weka sentensi hii mwisho wa utangulizi. Ndipo msomaji wa Kiingereza anapoitafuta. Na tahadhari moja: 8:30 a.m. kwetu ni saa 2:30 asubuhi. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili na kuandika 2:30 kwa Kiingereza amewapeleka wanafunzi shuleni mchana au usiku wa manane.

Hoja kuu ya kwanza unayoandika ni ya kubadilishwa. Ukikuta ushahidi unakwenda kinyume nayo, geuza hoja. Ushahidi usiguse.

Ushahidi: kila kipande kinathibitisha kitu kimoja tu

Anza kwenye kanzidata za maktaba ya chuo, maana ada yako imeshalipia makala ambazo nje ya hapo zingekudai pesa. Google Scholar husaidia kutafuta; makala ikidai malipo, ingiza kichwa chake kwenye mfumo wa maktaba. Wikipedia inafaa kwa kupata picha ya jumla na orodha ya vyanzo iliyo chini ya ukurasa, lakini usiitaje kama chanzo chako. Ukikwama nusu saa, muulize mkutubi. Hiyo ni kazi yake, na wanafunzi wengi humaliza miaka minne bila kumwuliza hata mara moja.

Soma makala ya kitaalamu kwa mpangilio huu: ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni), hitimisho, kisha sehemu ya mbinu za utafiti. Katikati utarudi baadaye ikibidi. Unachotafuta ni nani alipimwa, lini, na kipimo kilikuwa nini.

Turudi kwenye mfano wetu. Kuna vipande vitatu vya ushahidi vinavyoonekana kusema jambo moja, na havisemi jambo moja.

Cha kwanza: mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilipendekeza shule za sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Hilo ni pendekezo la wataalamu. Linaonyesha kwamba wanaojua wamefikia msimamo, lakini pendekezo lenyewe si kipimo cha usingizi wa mtu yeyote.

Cha pili: jiji la Seattle lilisogeza saa ya kuanza sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi katika mwaka wa masomo wa 2016/2017. Watafiti waliwavalisha wanafunzi wa shule mbili vifaa vya mkononi vya kupima usingizi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science Advances yalionyesha usingizi wa kila siku umeongezeka kwa dakika 34, kwa thamani ya kati ("median"). Hiki ndicho kipimo.

Cha tatu: jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuzuia shule hizo kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi, ikaanza kutumika mwaka 2022, huku wilaya za vijijini zikiachwa nje. Sheria hiyo inathibitisha kwamba jambo linawezekana kiutawala. Haithibitishi kwamba watoto wanalala zaidi.

Mwanafunzi anayevirundika vyote vitatu katika aya moja chini ya dai kwamba kuchelewa kuanza kunaongeza usingizi hupoteza alama, ingawa kila alichoandika ni kweli. Kipimo cha Seattle kiende kwenye aya ya usingizi. Sheria ya California iende kwenye aya ya mabasi na ratiba. Pendekezo la madaktari linakaa vizuri kwenye utangulizi.

Aya kwa karibu

Aya nzuri ina sehemu nne: dai, ushahidi, maelezo ya ushahidi huo, na kurudi kwenye hoja kuu. Dai na ushahidi wengi huandika. Maelezo ndiyo yanayokosekana, na ndiyo yenye alama nyingi. Kanuni ya kuanzia: kwa kila sentensi moja ya ushahidi, andika mbili za kueleza. Kwa mfano wetu, baada ya kutaja zile dakika 34, aya ingeendelea hivi kwa maana: ongezeko hilo linaonyesha kwamba wanafunzi hawakuitumia saa ya ziada kukesha tu, kwa kuwa kama wangechelewa kulala kwa kiasi kilekile, usingizi usingeongezeka. Hata hivyo shule zilikuwa mbili tu, za jiji moja, na waliopimwa baada ya mabadiliko hawakuwa walewale waliopimwa kabla yake. Kwa hiyo matokeo yanaelekeza, hayafungi mjadala.

Sentensi hiyo ya mwisho huwatisha wengi, wakidhani wanajibomolea hoja. Mhadhiri husoma kinyume. Kukiri mipaka ya ushahidi humwonyesha kwamba umeusoma, hukuuokota. Ndiyo maana Kiingereza cha kitaaluma kimejaa "suggests", "may" na "in this case". Epuka "proves" isipokuwa kwenye hisabati.

Hoja ya upande wa pili nayo ipewe aya yake, na iandikwe kwa nguvu zake zote. Mabasi machache yanayohudumia shule nyingi kwa zamu, michezo inayoishia gizani, wazazi wanaowahi kazini: hayo ni matatizo ya kweli. Ukiyaandika kama upuuzi, msomaji hataamini jibu lako.

Maneno ya watu

Kuna njia mbili za kutumia chanzo. Kunukuu ni kuchukua maneno yaleyale ndani ya alama za nukuu, na kufasiri ni kusema kwa maneno yako. Zote mbili zinadai utaje chanzo. Nukuu zisizidi sehemu moja ya kumi ya insha. Toa nafasi kwa maneno ya mtu pale tu namna alivyosema ina uzito wake.

Kosa linalowaingiza wengi kwenye kesi ya wizi wa maandishi bila kukusudia ni kubadilisha maneno machache huku mifupa ya sentensi ikibaki ileile. Chanzo chake ni kuandika makala ikiwa wazi kwenye skrini. Hapa anayejua Kiswahili ana silaha ambayo wenzake hawana. Soma aya, funga ukurasa, andika ulichoelewa kwa Kiswahili pamoja na jina la mwandishi na namba ya ukurasa. Kesho yake andika Kiingereza kutoka kwenye maandishi yako ya Kiswahili. Mifupa ya sentensi haiwezi kubaki ile ya mwandishi. Kutaja chanzo bado ni lazima, maana wazo ni lake.

Mtindo wa marejeleo huamuliwa na idara. APA, sasa toleo la 7, hutaka jina la ukoo na mwaka. Nukuu yenye maneno 40 au zaidi hutengwa kwenye aya yake bila alama za nukuu. MLA, toleo la 9, hutaka jina la ukoo na ukurasa. Chicago mara nyingi hutumia tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa. Vyuo vingi vya Uingereza hutumia Harvard, ambayo haina kitabu kimoja cha kanuni, kwa hiyo fuata mwongozo wa chuo chako mwenyewe, usifuate uliookota mtandaoni. Programu kama Zotero hupanga orodha bila malipo, ila hukosea herufi kubwa na tarehe. Ikague.

Makosa yanayotoka kwenye Kiswahili

Haya yaache hadi rasimu ya pili. Ukiyawinda kwenye ya kwanza, mawazo yatakauka.

Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo pitia kila nomino ya umoja inayohesabika: haiwezi kusimama peke yake. Kiambishi cha nafsi hutupa "the students they sleep", kwa sababu kwetu husemwa "wanafunzi wanalala"; futa "they". "Yeye" haina jinsia, hivyo "he" na "she" hubadilishana katikati ya aya bila mwandishi kushtuka. "Ingawa" kwetu hufuatwa na "lakini" bila ugomvi, ila "although" ikifuatwa na "but" ni kosa. "Discuss about" na "emphasize on" ziondolewe vihusishi. "Evidence", "research" na "information" hazichukui wingi wa "s". Na ile sentensi ndefu inayounganishwa kwa mkato baada ya mkato, ambayo Kiswahili huibeba bila shida, kwa Kiingereza huhesabiwa kosa, weka nukta.

Kwa mpangilio, nakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi tupu na uzisome hizo tu. Zikisomeka kama hoja inayosonga, mifupa ni mizima. Mbili zikisema jambo moja, unganisha aya. Fanya hivi siku moja baada ya kumaliza rasimu.

Vyuo vingi vina kituo cha uandishi kisicho na malipo. Wahudumu wake hawasahihishi sarufi ya insha nzima, kwa hiyo nenda na swali mahususi, kwa mfano kama aya ya tatu inathibitisha hoja kuu, na weka miadi siku tano kabla ya kuwasilisha. Wiki ya mwisho nafasi hujaa.

Ukipakia kazi kwenye Turnitin, mfumo unaotafuta maandishi yaliyonakiliwa, usiogope asilimia itakayotokea. Inapima maandishi yanayofanana na mengine, na nukuu halali pamoja na orodha ya marejeleo huipandisha. Insha yenye asilimia 20 inaweza kuwa safi kabisa, na yenye 5 ikawa na aya moja iliyoibwa. Fungua ripoti, tazama kila sehemu iliyopakwa rangi, na ujiulize kama ina alama za nukuu na jina la mwenye maneno.