Kila Kilicho Sakafuni Kinalipiwa Kodi

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Magomeni hapa Mtwara, chumba na sebule, na watoto wangu wawili na cherehani ya miguu. Wateja wakiingia huchungulia huku na huku, kisha huuliza: "Dada, hivi mnalala wapi?" Tunalala, tena vizuri. Kanuni yangu ni moja tu: kodi ninayolipa ni ya sakafu, basi kitu hakilali chini mpaka kinipe sababu.

Kabla hujanunua hata kijiti, pima. Mimi nilikipima chumba kama ninavyompima mteja, kwa futi ileile ya nguo, nikaandika kwenye daftari. Vyumba vingi vya kupanga ni futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha sita kwa sita peke yake kinakula 36. Tano kwa sita kinakula 30, nne kwa sita 24. Kati ya kikubwa na kidogo kuna futi 12 za mraba, na hapo ndipo ilipokaa cherehani yangu na stuli yake. Watu hununua sita kwa sita kwa ajili ya macho ya wageni, halafu kila asubuhi wanapanda kitandani ili wafike dirishani. Pima na mlango pia. Ukifunguka kwa ndani unataka karibu futi 3, na hapo huwezi kuweka kitu. Ule wa kati ya chumba na sebule niliuondoa kwa ruhusa ya mwenye nyumba, yeye akauhifadhi, mimi nikatundika pazia la kitenge.

Hatua ya pili ni kukiinua kitanda. Bloku ya inchi 6 ikilazwa chini ya kila mguu inatosha, mradi bloku isiwe ile ya mchanga mtupu inayomomonyoka ukiikwaruza kwa kucha. Uvunguni weka vitu vya msimu: vitambaa vya sare za shule, mashuka ya wageni, nguo za sikukuu. Lakini hapa ni pwani. Sanduku la bati likikaa moja kwa moja kwenye saruji linaota kutu chini na kutia madoa nguo. Liweke juu ya vipande viwili vya mbao, au tumia beseni za plastiki zenye mifuniko. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili, ukungu unatafuta mahali pasipopita hewa, kwa hiyo usijaze uvungu mpaka ukutani. Acha nafasi ya kiganja pande zote, na siku ya jua toa kila kitu uanike. Kabati nalo usiligandishe ukutani.

Nguo za wateja zinaning'inia juu kwenye mwanzi uliofungwa kamba kwenye kenchi. Bomba la chuma linaonekana la kisasa, ila hewa ya chumvi haina simile nalo. Juu ya mlango nimewekewa shelfu refu la mbao, kwa vitu ninavyovigusa mara mbili kwa mwaka. Sufuria kubwa za shughuli ziko huko, na ndani ya sufuria kuna vikombe, na ndani ya vikombe kuna vijiko. Sufuria tupu ni hasara. Chandarua changu ni cha duara. Asubuhi nakisokota na kukifunga fundo juu, chumba kinapumua.

Dabodeka ya watoto? Inategemea dari. Kama juu yako ni bati tupu, joto lote linapanda na kukaa pale anapolala mtoto wa juu, na wakati wa kaskazi hatalala, atashuka na godoro lake. Kama dari ipo, chukua, lakini hakikisha kitanda cha juu kina kingo na kimefungwa imara.

Jikoni sina maneno mengi, maana jiko langu liko uani. Jiko la mkaa halilali ndani hata mvua inyeshe vipi: moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Mtungi mdogo wa gesi unakaa karibu na mlango wa nje, kamwe si uvunguni, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Maji ndiyo yalikuwa yananisumbua, madumu yamezagaa kila kona. Nilimwambia seremala anitengenezee benchi la futi 5, kimo inchi 18, wazi kwa chini. Madumu manne ya lita 20 yanaingia humo, na juu yake wanakaa wageni wanne. Ndilo kochi langu. Seti ya makochi yenye mikono minene kama magunia ya korosho waachieni wenye ukumbi.

Halafu ipo baraza, ambayo wengi wanaisahau wakiwa na haraka ya kujaza sebule. Nyumba za pwani hazikujengwa ili kila jambo lifanyike ndani. Jioni napokea wateja barazani, napimia hapohapo, na mchele unachaguliwa hapohapo. Elewaneni na wapangaji wenzenu nani anatumia uani saa ngapi, mapema, kabla ya maneno.

Ndani nako sakafu ina zamu. Mchana ni ya vitambaa. Magharibi nakikunja kichwa cha cherehani kiingie ndani ya meza yake, nafunika, watoto wanaandika masomo juu yake. Baada ya hapo unatandikwa mkeka wa chakula. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, jamaa wa Newala na Tandahimba wanateremka mjini, na mkeka huohuo unalaza shangazi na binti yake. Ukiamka, kunja, simamisha kona nyuma ya kabati. Mkeka ukibaki umetandikwa mpaka saa nne, ujue zamu ya vitambaa imeliwa na siku haitakaa sawa.

Mwenye nyumba akikataa misumari, usigombane naye; kuta nyingi zinabomoka ukizipiga kweli. Mwambie seremala akuundie fremu ya mbao inayosimama yenyewe, miguu minne kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, mbao za shelfu zikilala katikati, na aunganishe kwa bolti badala ya gundi. Siku ya kuhama unaifungua, unaifunga kamba, inapanda bajaji pamoja nawe.