Ukienda Venice, kumbuka bamvua

Wengi wanaopanga kwenda Venice hukimbilia Julai na Agosti. Nakushauri uiache miezi hiyo: joto kali, vichochoro vimejaa watu, vyumba bei juu. Nenda Novemba, au Januari kabla sherehe za Kanivali hazijaanza. Asubuhi ukungu hutanda juu ya mifereji, na unaweza kusimama kwenye daraja la Rialto bila kusukumwa. Uzuri huo picha za kiangazi hazikuonyeshi kabisa.

Ila msimu huo una jambo lake, nalo ni maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likikutana na upepo wa kusini-mashariki uitwao sirocco, bahari ya Adriatic hupanda mpaka mjini. Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya kipimo cha usawa wa bahari. Tangu 2020 kuna malango ya MOSE yanayoinuliwa kuizuia bahari, lakini hayainuliwi kwa kila maji kujaa, na Uwanja wa Mtakatifu Marko uko chini kuliko sehemu nyingi za mji. Kwa hiyo beba viatu vya mpira, na kila jioni tazama utabiri wa maji unaotolewa na manispaa. Mtu wa pwani hatababaika: maji hujaa saa chache, kisha yanakupwa. Panga kwenda uwanjani wakati wa kupwa.

Na tafadhali, chukua begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu. Madaraja yanapita 400, na karibu yote ni ya ngazi.